Belém au Curitiba: kanda za Brazili na mzigo wa kufungasha

Swali

Wapendwa, salaam. Binti yangu amekubaliwa na vyuo viwili vya Brazili, kimoja kiko Belém na kingine Curitiba, na anatakiwa achague. Kwa mlioko huko: je, maisha ya miji hii yanatofautiana, na afungashe nini?

Jibu

Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Yanatofautiana sana, kwa sababu Brazili, ambayo ukubwa wake ni takriban mara tisa ya Tanzania, haina hali moja ya hewa wala mapishi ya namna moja. IBGE, taasisi ya taifa ya jiografia na takwimu, imeyapanga majimbo 26 pamoja na Wilaya ya Shirikisho katika kanda tano. Belém iko Kaskazini, Curitiba iko Kusini, na kati yake kuna zaidi ya kilomita 2,500.

Mimi ninaishi Curitiba. Niliwasili mwezi Julai na mashati ya mikono mifupi, kwa kuwa niliambiwa Brazili ni joto, na usiku wa kwanza nililala na koti na soksi jozi mbili, huku pumzi yangu ikionekana kama moshi mle mle chumbani. Mji uko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi nyingine kati ya Juni na Agosti nyasi hufunikwa na sakitu, na nyumba nyingi hazina vipasha joto. Akija huku, sweta na blanketi zito visikosekane.

Belém ni kinyume kabisa. Joto na unyevu ni vya mwaka mzima, mvua za alasiri ni jambo la kawaida, na ukanda wa Kaskazini, unaochukua takriban asilimia 45 ya nchi, kwa sehemu kubwa husafirika kwa mito: meli ya kwenda Manaus hupanda mto Amazon kwa siku kadhaa, na abiria hulala kwenye machela wanazotundika wenyewe. Huko atakuta majani ya muhogo, ila maniçoba yao huchemshwa kwa takriban wiki nzima ili sumu itoke, hivyo asishangae kuona sufuria iko motoni tangu juzi. Achanjwe homa ya manjano, na kama masomo yatampeleka misituni, ambako malaria ipo, achukue chandarua.

Kanda nyingine nazitaja kwa sababu ya safari tu: balozi za Tanzania na Kenya ziko Brasília, Kati-Magharibi, ambako mwezi Agosti hewa hukauka hadi watu huweka beseni la maji chumbani.

Birika la umeme aliache. Miji yote miwili hutumia volti 127, kwa hiyo la kwetu halitachemsha vizuri.

Kuhusu kupiga simu, miji hiyo iko nyuma yetu kwa saa 6, na namba iliyo kwenye saa yake ndiyo saa ya Kiswahili huko nyumbani: kwake ikiwa 2 mchana, kwenu ni saa mbili usiku.

Majibu ya mama

Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Tumelisoma jibu lako pamoja jana usiku, naye amechagua Belém. Chandarua nimeshanunua, na birika nimelirudisha jikoni.