Waliofika bustani ya kumbukumbu ya amani Hiroshima, tupeane uzoefu

Mtoa mada
Wakuu habari za muda huu. Ndugu zetu wengi wanapita Japani, wa masomo, wa kozi za JICA (shirika la misaada la Japani), wa magari, ila wakipata wikiendi wengi wanakimbilia Tokyo na Osaka. Naomba waliofika Hiroshima waelezee walichokiona. Naanza mimi.

Kwanza mjue pale hapakua bustani. Ulikua mtaa unaitwa Nakajima, maduka, mahekalu, nyumba za watu, tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi bomu la atomiki likapasuka angani kama mita 600 juu yao na mtaa ukaishia hapo. Inakadiriwa mpaka mwisho wa mwaka ule watu 140,000 walikua wamekufa. Nilikariri haya yote shuleni lakini ilikua namba tu ya kujibia mtihani. Sasa mle makumbusho kuna kibaiskeli cha matairi matatu, kimeliwa na kutu chote, cha mtoto wa miaka mitatu, Shinichi, alikua anakiendesha nje ya kwao asubuhi ile akafa usiku wake. Baba yake aliona mtoto ni mdogo mno kulazwa makaburini peke yake, akamzika uani na kibaiskeli chake, mwaka 1985 ndo akamfukua amhamishie kaburi la familia na kibaiskeli akawapa makumbusho. Mimi nina mtoto wa umri huohuo jamani. Nilishindwa kusogea, watu wakawa wananizunguka kimyakimya wanapita.

Mama Wawili
Sisi tulienda na watoto, kiingilio kilikua yen 200 tu mtu mzima. Ushauri wangu kwa wenye watoto wadogo, anzieni nje, ndani kuna picha za majeruhi ni nzito sana. Wangu niliwapeleka kwenye mnara wa watoto, ule wa Sadako Sasaki, alikua na miaka miwili bomu linaanguka, akakua vizuri tu anakimbia mbio shuleni, kisha saratani ya damu ikamkuta akafariki 1955 ana miaka 12. Kitandani alikua anakunja ndege wa karatasi, korongo, akiomba apone. Wanafunzi wenzake ndo walihamasisha michango, mnara ukajengwa 1958, na mpaka leo korongo wanatumwa kutoka dunia nzima, wametungwa kwenye nyuzi rangi zote, ukisogea karibu unakuta kila mmoja kakunjwa kwa mkono, mingine mikunjo imepinda unajua kabisa hiki ni kidole cha mtoto. Binti yangu akauliza kwani yeye alikua anapigana na nani? Nikamjibu hakua anapigana na mtu mwanangu.

Kijana wa Lushi
Jambo kwenu bote, mimi ni mutu wa Lubumbashi. Naomba mujue jambo moja ambalo hata kwetu vijana wengi hawalijui: urani nyingi, yale madini ya mradi wa Wamarekani wa kutengeneza bomu la atomiki, ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, hapa kwetu Katanga. Wabelgiji ndio walikuwa na mgodi, na mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilikuwa zimekwisha kufika New York. Walioyachimba ni wazee wetu, hawakuambiwa ni ya kazi gani. Nilipokuwa mbele ya lile jengo lililosalia baada ya bomu, kuba lake limebaki mifupa mitupu ya chuma, nilikuwa nawaza wale wachimbaji tu, majina yao hatuna. Pale Hiroshima majina ya wafu yako ndani ya sanduku la jiwe chini ya tao la mnara wa kumbukumbu, yamepita 300,000, na kila tarehe 6 Agosti wanaongeza ya waliofariki karibuni. Nilitamani sana na sisi tuandike ya kwetu.

Mdau wa Higashi
Kijana wa Lushi umenigusa, asante sana. Mimi niongezee sehemu mbili ambazo watalii wengi wanazipita. Moja ni kile kichuguu chenye majani, chini yake kuna majivu ya watu kama 70,000 ambao hawakutambulika au hawana ndugu wa kuwachukua, familia nzima ziliisha. Ya pili mnara wa Wakorea, maana Korea ilikua chini ya Japani na maelfu yao walikuwepo mjini, wengine waliletwa kwa lazima, mnara wao ulijengwa 1970 nje ya bustani na ukaingizwa ndani 1999 tu, yaani hata kuomboleza watu walitengwa.

Halafu mkipata nafasi msikilizeni manusura, hibakusha. Mimi nilimsikiliza bibi mmoja, kupitia mkalimani, anaongea taratibu bila kulia, anaelezea watu walivyokua wanaomba maji. Chama chao cha Nihon Hidankyo ndo kilipewa Nobel ya amani 2024. Wanapungua kila mwaka kwa umri, kwa hiyo usiseme utaenda siku nyingine. Ukitaka kwenda tarehe 6 Agosti yenyewe weka hoteli mapema mno, mji unajaa.

Mtoa mada
Asanteni sana wakuu, hiyo ya Shinkolobwe sikuwahi kuisikia popote. Kuna aliyefika Nagasaki? Tunakusubiri.