Wasimamizi wa maghorofa ya makazi: leseni au basi?

Chungu Tamu: Wadau, mtu anashika fedha za kaya mia, ada ya huduma na akiba ya matengenezo juu yake, na hajafanya mtihani hata mmoja. Kwa nini asiwe na leseni? Scotland wanawasajili kwa sheria ya 2011. England kamati ya Lord Best ilipendekeza mdhibiti, leseni na vyeti mwaka 2019. Mwaka 2025 serikali ilikuwa bado inakusanya maoni.

Msumari: Leseni si dawa. Florida wasimamizi wana leseni miaka na miaka, na lile jengo la Surfside likaporomoka. Watu kama mia walikufa. Mhandisi alishaandika kwamba zege la chini ya bwawa limeharibika, wenye nyumba wakabaki kuvutana nani achange. Shida ni wadaiwa sugu wanaotaka lifti ya bure.

Kalamu Nyekundu: 98, si mia. Ripoti ya mhandisi ni ya 2018, jengo likaanguka Juni 2021.

Ghorofa ya Saba: Wadaiwa sugu ni akina nani? Mimi jina langu lilibandikwa ndani ya lifti na risiti ninayo mkononi. Msimamizi aliingiza malipo yangu kwenye nyumba ya jirani. Mwanangu ndiye aliyeisoma ile karatasi, kwa sauti, lifti imejaa watu.

Msumari: Dada, sikukutaja. Nimetupa jiwe gizani, wewe ndiye uliyesema yalaa.

Ghorofa ya Saba: Usiniite dada. Wewe ni msimamizi, sema tu.

Msumari: Nilikuwa. Miaka sita. Simu saa nane usiku bomba limepasuka, asubuhi huyohuyo aliyepiga anasema ada ni wizi.

Fundi Pampu: Mimi niseme la kwangu. Niliandika ankara moja, wakazi wakaonyeshwa nyingine, imenenepa. Fedha za wakazi zikae akaunti yake, na kila ankara mkazi aione ile halisi. Hapo leseni itakuwa na sababu ya kunyang'anywa.

Msumari: Na wewe ulinyamaza ukalipwa?

Fundi Pampu: Nina watoto, mzee.

Kalamu Nyekundu: Kubandika majina mimi naunga mkono. Bila aibu watu hawalipi.

Ghorofa ya Saba: Mpaka libandikwe lako.

Kalamu Nyekundu: Langu halitabandikwa, nalipa kabla ya tarehe.

Ghorofa ya Saba: Hata mimi nililipa kabla ya tarehe! Unasoma kweli au unahesabu maiti tu?

Chungu Tamu: Jamani, leseni…

Msumari: Haya, Ghorofa ya Saba, kwa hilo pole. Lakini karatasi si waliibandua?

Ghorofa ya Saba: Wangeibanduaje? Lifti ilikwama ghorofa ya tatu wiki iliyofuata, milango imefungwa. Jina langu limo humo humo.