Mitumba Mtwara: tundu limezibwa kwa gundi halafu unaambiwa "mtumba ni bahati"

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu kaitwa usaili Dodoma, hana koti. Juzi jioni nikampitisha kwa wauza mitumba karibu na Soko Kuu, Mtwara mjini. Tukapata koti jeusi na kadeti, jumla 38,000 baada ya kubembelezana mpaka koo likakauka. Giza limeshaingia, taa ni ile ya kuchaji imening'inizwa kwenye turubai. Nikaomba dogo ajaribu. "Dada, hapa hatujaribishi, watu wanatuachia majasho." Nikalipa.

Asubuhi mama katoa koti nje alipige pasi. Bega la kushoto limepauka, rangi ya ugoro kabisa! Pasi ya mkaa ilipopita kwapani gundi ikalainika, kikadondoka kiraka. Chini yake tundu la kupitisha vidole viwili. Zipu ya kadeti inapanda, haishuki. Dogo kaondoka na basi la alfajiri ya leo kavaa shati la kuazima kwa jirani. Usaili!

Jana mchana nilirudi na mzigo wangu. Yule kaka hata hakuushika. "Dada, mtumba ni bahati. Ukishaondoka nayo haina kurudi." Wenzake wanacheka.

Bahati gani? Kiraka chenyewe ni kitambaa cha bluu, ile bluu ya sare za shule za msingi za hapa hapa kwetu! Koti halikutoka nacho Ulaya. Kuna mtu Mtwara hii hii kaliona tundu, kakata kitambaa, kapaka gundi, kapiga pasi, halafu kasubiri jioni ili alitundike. Huyo alijua anachofanya.

Na msiniambie siijui biashara hii. Marehemu baba alizunguka na mitumba kwenye magulio ya Newala na Tandahimba, ndiyo iliyotusomesha. Najua robota linanunuliwa Dar limefungwa, kilo 45, hufungui mpaka ulipe. Ukifika nalo unakuta makoti mazito ya baridi ya theluji, na joto hili la Mtwara nani avae? Hasara ipo, naijua, tumeilalia njaa. Lakini baba akifungua robota alikuwa anatenga. Iliyochanika inakwenda pembeni kwenye turubai lake na anaitaja kwa sauti: "Hizi za shambani, jamani, zina matundu!" Watu walinunua, tena kwa furaha, maana wanajua wanachobeba. Na mteja akitaka kujaribu, mama anamshikia kanga wazi, anabadilisha nyuma yake. Kanga moja tu. Leo hilo limewashinda nini?

Huku ndiko kwa Wamachinga wenyewe, hapo Lindi, kabila ambalo nchi nzima inaita wachuuzi kwa jina lake. Inaniuma kuona uchuuzi wetu umefika hapa.

Msimu wa korosho ndiyo usiseme. Minada ikianza Oktoba, shati la 5,000 unatajiwa 12,000 bila aibu, kana kwamba kila anayepita sokoni katoka kulipwa korosho zake na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mimi nalipwa mshahara, sina hata mkorosho mmoja. Bei ikipanda basi nguo iwe nzima!

Halafu chupi na sidiria za mtumba, ambazo TBS, shirika la viwango la taifa, ilishapiga marufuku, bado nimeziona zimechanganywa humo humo na nguo za watoto. Afisa afya wa soko anapita wapi?

Sitamtaja muuzaji wala meza yake, sitaki aje kupigwa. Ila wadau mlioko Mtwara, Lindi, Masasi, aliyewahi kurudishiwa hela yake kwa nguo ya namna hii aseme alifanyaje. Alianzia kwa mwenyekiti wa soko au kwa afisa biashara manispaa? Na nyie wauzaji mliomo humu, nijibuni moja tu: gundi ile ni ya nini?

Koti nimelitundika mlangoni. Kesho saa nne, jua likiwa limewaka vizuri, narudi nalo pale. Safari hii nalibeba nimeligeuza ndani nje, kiraka kikining'inia, na nitasimama pembeni ya meza yake mpaka kila mteja akione.