Feni ya umeme au feni ya mkanda kwa gari la zamani? Nishaurini kabla sijalipa

Ng'wana Igoma
Wakuu, salaam. Nina gari la zamani linachemsha. Likiwa kwenye mwendo halina shida, ila nikikutana na foleni ya Buzuruga, huku Mwanza, jioni geji ya joto inapanda mpaka nazima injini na kuomba vijana wanisukume pembeni. Fundi anasema feni ya orijino imekufa, niweke ya umeme. Kuna jamaa anauza ya mtumba iliyotoka kwenye Corolla na anataka jibu Jumamosi. Mwingine ananishauri nitafute feni ya klachi, ile yenye mafuta ndani kama ya Land Cruiser. Ipi bora? Bajeti laki mbili na nusu, ufundi humo humo.

Mzee wa 109
Gari gani?

Sato Mbichi
Gari gani, injini ipi, alternata ya ampea ngapi, rejeta imeoshwa lini, na hiyo feni iliyokufa ni ya aina gani. Mnaleta uzi kama mnaokwenda kwa mganga, mnataka tuotee wenyewe.

Dagaa Mkavu
Weka ya umeme mkuu, usizungushwe. Feni ya mkanda inakula nguvu ya injini muda wote, hata ukiwa spidi 80 kule Kisesa ambako upepo wenyewe unaipooza rejeta. Ya umeme inawaka panapohitajika na kuzima. Datsun 120Y yangu ninayo na ulaji wa mafuta umepungua.

Sato Mbichi
Mafuta yamepungua kwa kiasi gani? Ulipima?

Dagaa Mkavu
Gari langu nalijua.

Ng'wana Igoma
Samahanini, nilisahau. Ni Peugeot 504 pikapu, petroli, cc 1971. Alternata inayo, ampea sijui. Rejeta sikumbuki iliguswa lini.

Mzee wa 109
Hapo sasa tunaongea. 504 yako haina feni ya kawaida, kijana. Feni imekaa mbele ya pampu ya maji lakini haizunguki na mkanda muda wote. Ndani ya puli kuna sumaku ya umeme. Maji yakifika joto lake, swichi inapitisha umeme kwenye kaboni (kile kipande kinachosugua pete ya puli), sumaku inashika, feni inaanza kuzunguka. Joto likishuka, inaachia. Peugeot walikuwa na kitu hicho wakati wenzao wengi bado wanafunga feni moja kwa moja kwenye puli. Kwa hiyo fundi akisema "feni imekufa", muulize kimekufa nini: swichi, waya, kaboni, au koili ya sumaku? Zima injini, chukua waya kutoka chanya ya betri, gusa kwenye terminali ya kaboni. Ukisikia "tak" na feni ikawa nzito kuzungusha kwa mkono, sumaku ni nzima na unatafuta swichi au waya tu. Fanya hivyo kabla hujampa mtu hata shilingi.

Ng'wana Igoma
Shikamoo mzee. Fundi hakufanya hivyo, alitazama tu akasema.

Mzee wa 109
Marahaba. Wengi wao wanatazama tu.

Umeme Nyakato
Mimi ni fundi umeme, na wengine tunapima 😄. Ukiamua feni ya umeme, sikiliza hesabu. Feni ya saizi hiyo inakula ampea 10 mpaka 20, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Taa mbili kubwa za wati 60 ni ampea 10. Ongeza waipa na redio. Soma kibandiko cha alternata yako kwanza. Pili, usipitishe umeme wa feni kwenye swichi ya dashibodi wala kwenye swichi ya joto moja kwa moja. Weka relei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo) ya ampea 30 au 40: terminali namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 inakwenda feni, 85 na 86 ndiyo za kuamrisha. Waya wa feni uwe wa milimita 4 za mraba, achana na waya wa spika. Tatu, swichi ya joto iwake juu ya joto ambalo thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) inafunguka. Thamostati ya 82 na swichi inayowaka 92 na kuzima 87, hapo sawa. Ukiweka ya kuwaka 80, feni haitazima kamwe.

Halafu feni iwekwe nyuma ya rejeta, ivute. Ikiwa mbele ikisukuma, inaziba upepo ukiwa kwenye mwendo. Na angalia inazungukia wapi: ukigeuza waya, mota inageuka, feni inapigana na upepo wa barabarani.

Mzee wa 109
Hapo kwenye ampea ongeza hili. Land Rover yangu ya zamani ilikuwa na dainamo ya Lucas ya ampea 22. Dainamo injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu gari limesimama, haitoi kitu cha maana, na kwenye foleni ndipo unapoihitaji feni. Jirani aliweka ya umeme kwenye kama hiyo, akawa kila jioni anasukumwa kuwasha.

Mama Sangara
Naomba niseme yaliyonikuta, maana naona feni ya umeme inasifiwa. Nilikuwa na 504 stesheni. Fundi mmoja, simtaji, akanifungia feni ya umeme ya mtumba mbele ya rejeta. Hakutengeneza bracketi. Alichukua zile tai za plastiki, akazipitisha katikati ya mapezi ya rejeta, akakaza, akakata mikia. Ilionekana safi kabisa. Swichi akaniwekea chini ya usukani, nikiona geji inapanda niwashe mwenyewe.

Ikafanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Nikaizoea. Kumbe kila feni ikiwaka inatikisika, na tai zinakwaruza mirija ya rejeta. Siku naelekea Musoma, tumepita Magu, tunakaribia Lamadi, naona geji imepanda. Nikawasha feni. Baada ya muda geji ikashuka, ikarudi hata chini ya kawaida yake. Nikafurahi, nikaongeza mwendo. Mdogo wangu aliyekaa nyuma ndiye aliyesema dada, mbona kuna harufu. Mrija ulikuwa umetoboka, maji yameisha yote, na ile sensa ya geji ilikuwa haina maji ya kuigusa, ndiyo maana ikasoma baridi! Injini ikazimika yenyewe. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda. Tukavutwa mpaka Lamadi na lori la mahindi, na kuchonga hedi kukanigharimu kuliko feni mpya tano. Gari lenyewe niliishia kuliuza kwa hasira.

Dagaa Mkavu
Pole dada, lakini hilo ni kosa la fundi, si la feni.

Mama Sangara
Nimesema wapi kosa ni la feni? Nimesema tai.

Jiwe Kuu
Mnazunguka mbuyu. Toa thamostati, maji yapite moja kwa moja. Huku ni nchi ya joto, thamostati ni ya Wazungu wenye baridi. Nimetoa kwenye magari yangu yote.

Umeme Nyakato
Haya, imeanza.

Sato Mbichi
Mkuu, ukitoa thamostati injini inakawia kupata moto, oili inabaki nzito, mafuta yanalika na silinda zinasagika. Na shida ya mtoa mada ni hewa kwenye foleni, si maji kutopita. Barabarani anasema gari liko sawa.

Jiwe Kuu
Mbona yangu yanatembea?

Sato Mbichi
Yanatembea, ndiyo. Hata mtu mwenye homa anatembea.

Mzee wa 109
Acheni hilo. Kijana, angalia mfuniko wa rejeta. Mwanza tuko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96, si 100 kama Dar. Mfuniko mzima ndio unaoshika shinikizo na kusogeza kiwango hicho juu. Mpira wake ukichoka, gari linachemsha mapema na utailaumu feni bure. Ila usiweke wenye shinikizo kubwa kuliko ulioandikiwa gari lako, rejeta kuukuu itapasuka. Na kava inayozunguka feni ipo? Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Ng'wana Igoma
Kava haipo. Nililinunua hivyo hivyo.

Mzee wa 109
Ndiyo hayo.

Dagaa Mkavu
Feni ya Corolla inakuja na kava yake ☝️

Sato Mbichi
Ya rejeta ya Corolla. Apime kwanza.

Kigongo Kwetu
Wakuu mnanikumbusha foleni ya kivuko cha Kigongo, nusu ya magari yamefunguliwa boneti. Tangu daraja lifunguliwe 2025 unavuka kama kilomita 3 na upepo wa ziwa, huhitaji feni hata kidogo.

Mama Sangara
Na wauza karanga wa pale je, wako wapi siku hizi?

Kigongo Kwetu
Wengine wamehamia stendi ya Nyegezi. Karanga zile zile, bei imepanda.

Ng'wana Igoma
Nimerudi. Nimefanya lile jaribio la waya wa betri. Hakuna "tak". Ila nikitoa kaboni na kugusa waya kwenye pete ya shaba ya puli, inashika! Kaboni imekwisha mpaka kwenye springi. Sasa nipate wapi? Maduka ya Pamba Road wamenishangaa.

Umeme Nyakato
Chukua kaboni ya stata au alternata yenye ukubwa unaokaribia, isugue kwa msasa mpaka iingie bila kukwama. Safisha na pete. Halafu pima swichi ya joto pia, usije ukakuta nayo imekufa.

Dagaa Mkavu
Kaboni ya kuchonga, swichi ya kubahatisha, puli la zamani. Bado nasema feni ya umeme na relei, umemaliza.

Mzee wa 109
Kuna njia ya tatu. Zile boliti za kurekebisha nafasi ya sumaku, ukizikaza mpaka mwisho feni inashika moja kwa moja, inazunguka na injini siku zote. Kelele itakuwepo. Lakini hutabaki njiani kwa sababu ya feni.

Sato Mbichi
Na ile ya klachi ya mafuta aliyoambiwa?

Umeme Nyakato
Hapana. Haiingii kwenye pampu ya 504 bila kuchonga hubu, na ikisogea mbele inaigusa rejeta. Hiyo sahau.

Jiwe Kuu
Thamostati bado hamjanijibu vizuri.

Sato Mbichi
Njoo nayo Nyakato tuitumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto, uone inafunguka yenyewe au haifunguki.

Jiwe Kuu
Nilishazitupa zote.

Ng'wana Igoma
Kaboni nimechonga, naanza na hiyo. Mfuniko pia nimeagiza. Jamaa wa Corolla nimemwambia asubiri mpaka Jumatatu, amekasirika. Kuna mwenye kava ya 504 amelaza gari uani? Hata iliyopasuka nitaishona kwa riveti.

Mama Sangara
Mume wa dada yangu Butimba analo moja limekaa chini ya mwembe, halina injini. Nitamuuliza, ila huwa hauzi kipande kipande, anataka uchukue lote.