Binti yetu hana makaratasi: je, anaweza kupata ufadhili wa chuo hapa Minnesota?

Mama_BrooklynPark:
Ndugu zangu, naomba ushauri kwa jambo linalonikosesha usingizi. Tulitoka Kenya na binti yetu akiwa mdogo, kwa visa ya matembezi, na visa ilipoisha tukabaki. Mwaka huu anamaliza sekondari na anatamani kusomea uuguzi. Wenzake wanajaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha za masomo kutoka serikali kuu. Yeye alipofika mahali panapotakiwa nambari ya Social Security alifunga kompyuta, akaniambia kwamba atatafuta kazi tu. Mshauri mmoja wa shule amemwambia kwamba mtu asiye na makaratasi hana ruhusa ya kusoma chuo. Je, ni kweli? Na tukiomba ufadhili, hatutakuwa tumejianika kwa watu wa uhamiaji?

Mwalimu_StPaul:
Pole sana, dada. Mshauri huyo amempotosha mtoto, na inaniuma kwa sababu wapo wengi wanaokata tamaa kwa neno moja kama hilo. Hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza kusoma chuo. Ni kweli kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, ulilinda elimu ya msingi na sekondari pekee, lakini kutolindwa si kukatazwa. Anachokosa ni fedha za serikali kuu, yaani ruzuku iitwayo Pell Grant na mikopo ya shirikisho, kwa hiyo aiache FAFSA.

Mengine huamuliwa na jimbo. South Carolina imewafungia wanafunzi hawa vyuo vyake vya umma, ilhali Minnesota ilipitisha mwaka 2013 sheria inayowaruhusu kulipa ada nafuu ya wakaazi wa jimbo na kuomba msaada wa fedha wa jimbo, mradi wawe wamesoma sekondari hapa kwa angalau miaka mitatu na kuhitimu. Fomu yake ni ya Minnesota Dream Act, nayo hupelekwa kwa Ofisi ya Elimu ya Juu ya jimbo. Tangu muhula wa vuli wa 2024 upo pia mpango wa North Star Promise, unaolipa ada inayobaki baada ya misaada mingine katika vyuo vya umma kwa familia zenye mapato ya chini ya dola 80,000 kwa mwaka, na wanafunzi wasio na hati walijumuishwa humo.

Msaidizi_wa_Sheria:
Naongeza onyo moja, na ninaomba lisomwe na kila mzazi. Katika fomu yoyote, iwe ya chuo, ya kazi au ya leseni ya udereva, binti asitie alama kamwe penye maneno “raia wa Marekani”. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia njia ya kupata hati maisha yako yote, hata ukija kuolewa na raia, na sheria karibu haina msamaha kwa kosa hilo. Mahali pa kuandika nambari asiyokuwa nayo paachwe wazi. Asiazime ya mtu.

Kuhusu kujianika, sheria ya faragha ya wanafunzi ya 1974 inakizuia chuo kutoa rekodi za binti bila idhini yake, isipokuwa katika hali chache kama amri ya mahakama. Hata hivyo, mwezi Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Minnesota kwa ajili ya misaada hii hii. Pigeni simu ofisi ya jimbo kabla ya kutuma fomu, na muoneni wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si mjazaji wa fomu wa mtaani.

Kijana_Houston:
Shikamoo mama. Texas ilikuwa na sheria ya ada nafuu kwa wanafunzi kama sisi tangu 2001, na mwezi Juni 2025 ikabatilishwa mahakamani. Mdogo wangu akajikuta akidaiwa ada ya mtu wa nje katika jimbo alilokulia. Ndiyo maana nasihi asitegemee mlango mmoja. Shirika la ufadhili la TheDream.US hufadhili wanafunzi wasio na hati, ila ni lazima wasome katika vyuo inavyoshirikiana navyo, kwa hiyo aanze na orodha ya vyuo hivyo. Vyuo binafsi hutumia fedha zao wenyewe: Harvard, Yale, Princeton na MIT hutoa msaada kulingana na uwezo wa familia, bila kujali hali ya uhamiaji.

Kuhusu uuguzi, aulize mapema masharti ya mazoezi ya hospitalini na ya leseni, kwa maana leseni ya jimbo si kibali cha kufanya kazi.

Mama_BrooklynPark:
Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Nimemsomea haya, naye amefungua kompyuta tena. Darasa la tisa alilisoma Iowa, kisha la kumi hadi la kumi na mbili hapa. Je, inatosha?

Mwalimu_StPaul:
Akihitimu atakuwa ametimiza mitatu. Aiombe shule rekodi yake ya masomo sasa, kabla ofisi haijafungwa kwa likizo.