Je, dini inaanzia kwenye kisu tu?

Ndugu zangu, kabla ya Idi Kubwa natujadili namna ng'ombe wa kuchinjwa wanavyosafirishwa kwa lori. Juzi hapa Bombo, Uganda, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja ninayemheshimu alisema: "Bismillah imesomwa, mishipa imekatwa, nyama ni halali. Mambo ya lori si ya dini." Wengi walimuunga mkono. Mimi nakataa.

Kwamba nyama ni halali, sibishi. Lakini yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa ajili ya paka hakushika kisu. Alimfungia tu bila chakula.

Na udhiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi Kubwa, una masharti yake. Hadithi ya al-Baraa bin Azib inataja wanne wasiofaa: chongo, mgonjwa na kiguru ambao kasoro zao zi wazi, na aliyekonda akabaki mifupa. Sasa tazameni ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wanaoletwa kwa lori Kampala kutoka Mbarara, zaidi ya kilomita 250, wamebanana wima, pembe ya huyu jichoni mwa yule. Anayeanguka hukanyagwa, kisha hupindwa mkia ili ainuke. Akishushwa anaburura mguu. Huyo ni kiguru, tena wazi! Unamnunuaje kwa udhiya?

Izzuddin bin Abdussalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262, alitaja haki za mnyama kwa mwenyewe: amlishe hata akizeeka au kuugua na asiwe na faida tena, asimbebeshe asichokiweza, asimchinjie watoto wake mbele ya macho yake. Tena asimchanganye na mnyama atakayemvunja, kumpiga pembe au kumjeruhi, hata wa jinsi moja. Niliposoma hapo nililiona lile lori. Sheria ya Uganda ya 1957 nayo inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa.

Mtaniambia bei: wakipakiwa wachache, kila ng'ombe atapanda. Kweli, na inauma kwa wanaochanga mwaka mzima. Lakini kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi udhiya ni sunna kwa mwenye uwezo. Asiyeweza hana dhambi. Kutesa ni haramu kwa tajiri na maskini.

Napendekeza kila kamati ya msikiti inayonunua ng'ombe wa Idi itume mtu pale wanaposhushwa, na anayechechemea akataliwe, hasara iwe ya mwenye mzigo. Madereva na wachinjaji mliomo humu, hilo linawezekana au haliwezekani? Nielezeni.