Naomba ushauri: nakaribia kujifungua, kaka yake mtoto ana himofilia

Habari za humu ndani wapendwa. Naomba msaada, hasa kwa wakunga, madaktari na wazazi wenye watoto wa himofilia (ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri).

Nina mimba ya wiki 34, ultrasaundi inasema ni wa kiume. Kaka yake alizaliwa 2021 kwa kuvutwa na vakyumu. Siku ya tatu aliacha kunyonya, utosi ukatuna, akawa analia kwa sauti nyembamba. Walipomtoboa kisigino, pamba ya tatu ililoa na damu bado inachuruzika. CT skani ikaonyesha damu imevuja ndani ya fuvu. Vipimo: himofilia A, faktari ya 8 (protini ya kugandisha damu) chini ya asilimia 1. Yuko hai, namshukuru Mungu, ila mkono wa kushoto bado mzito. (Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki jandoni kwa kutokwa damu. Lawama zote alibeba ngariba.)

Kliniki nimeeleza yote. Kadi imeandikwa tu "mtoto wa kwanza aliugua". Daktari mmoja anataka upasuaji, mwingine anasema nizae kawaida mradi wasiguse vakyumu wala koleo.

Waliopitia hili, mlijifungua vipi, na mlikubaliana nini na daktari mapema?

Pili, damu ya kitovu ikichukuliwa kupima faktari ya 8, sindano ya vitamini K ya pajani (wanayopewa watoto wachanga kuzuia kutokwa damu) isubiri majibu, au apewe ya matone mdomoni?